Posa na Mlinzi wa Pembeni

Mzee Gachanja wa Section 58, mjini Nakuru, alikuwa mcha Mungu, mkarimu, na mbishi asiye na mwenzake. Wazee wa rika lake walibishania siasa na bei ya mbolea. Yeye alibishania futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira uliochongoka kama yai na wanaume wenye helmeti. Aliujua tangu ujana wake alipokuwa akichimba visima vya mvuke Olkaria, ambako mafundi wa kigeni walizoea kutazama kanda za mchezo huo bwaloni baada ya kazi. Wenzake walisinzia, yeye akakodoa macho. Alistaafu na mapenzi hayo kama mtu anavyostaafu na kikohozi.

Katika mchezo huo yupo mlinzi anayesimama ukingoni mwa safu ya mbele. Mpira ukianza, humvamia mrushaji wa timu pinzani ili amwangushe chini kabla hajaurusha. Huyo ndiye mlinzi wa pembeni, na Mzee Gachanja alishikilia kwamba tangu dunia iumbwe hajatokea wa kumfikia Deacon Jones, jabali la miaka ya sitini. Waumini wenzake walijifunza kutomwuliza habari hizo baada ya ibada, maana chakula cha mchana kingepoa.

Binti yake wa pekee, Njoki, alikulia katika kelele hizo. Alipopata kazi ya kukagua maua katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, alijiunga na vijana wa mtaa wa Karagita waliocheza aina ya mchezo huo isiyo ya kuangushana. Humo mchezaji hufunga utepe kiunoni, na adui akiunyakua, basi umekamatwa. Hapo ndipo alipokutana na Wamalwa, fundi wa mitambo kutoka Olkaria, kijana mrefu, mchapakazi, mwenye kicheko cha kuambukiza. Siku ya kwanza Njoki alimnyakua utepe mara tatu. Mara zote tatu Wamalwa alisema utepe haukuwa umefungwa vizuri.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake, na hakuna aliye kamili. Ukimshinda drafti, ubao ulikuwa umeinama. Ukimpita mbio, kiatu chake kilikuwa na kokoto. Lakini moyo ukipenda hauna dawa, na Njoki alimpenda na kokoto zake zote. Sikukuu ya Pasaka akampeleka nyumbani kumjulisha kwa wazazi.

Mambo yalikwenda vizuri hadi wali ulipopakuliwa. Mzee Gachanja, kwa furaha ya kupata mgeni anayeujua mchezo, akamtaja Jones wake. Wamalwa akaweka kijiko chini.

"Pole Mzee, lakini huyo ni wa zamani. Mkubwa wao ni Bruce Smith. Ameangusha warushaji mia mbili, na hiyo rekodi hakuna mtu ameivunja."

"Kijana, wakati wa Jones hizo kuangusha hazikuwa zinahesabiwa rasmi. Zilianza kuhesabiwa mwaka wa themanini na mbili, Jones ameshastaafu. Utamlaumu mtu kwa daftari ambayo haikuwepo?"

Hoja ilikuwa nzito, na mtu mwungwana angeikubali akaendelea na wali. Wamalwa hakuikubali. Alisema kisichohesabiwa hakipo. Mzee akapanda, kijana akapanda, na kabla ya matunda kuletwa kila mmoja alikuwa amesimama upande wake wa meza. Mama Njoki aliondoa sahani huku akitikisa kichwa. Wamalwa aliondoka bila kula tunda wala kupewa mkono wa kwaheri.

"Huyo asirudi hapa," Mzee Gachanja alisema.

Njoki alilia. Si mtu wa kulia ovyo, lakini siku hiyo alilia hadi macho yakavimba, kwa sababu aliowapenda walikuwa wawili na wote wawili walikuwa vichwa vigumu. Miezi ikapita. Mama Njoki, mwanamke wa maneno machache yenye uzito, alimsihi mumewe usiku na mchana hadi akalegea nusu. Alikubali wazee wa Wamalwa waje kuposa, ila kwa sharti lake.

"Kabla hawajataja mbuzi hata mmoja, tutamaliza ile hoja. Waitetee. Atakayeshinda ndiye ataamua kama kuna harusi. Wakishindwa, watakunywa chai warudi kwao."

Mama Njoki alimwuliza kama akili zake zilikuwa timamu. Mzee akasema hajawahi kuwa timamu zaidi.

Siku ya Jumamosi iliyopangwa, ujumbe ukafika kutoka Bungoma. Uliongozwa na Mzee Khaemba, ami yake Wamalwa, msemaji hodari aliyekuwa amewaozesha vijana wengi wa ukoo wao bila kurudishwa hata mara moja. Pamoja naye alikuwepo shangazi Milcah, amevaa kitambaa kipya, akina mama wengine wachache wa ukoo, na Wamalwa mwenyewe nyuma yao, shingo imembana kwa tai. Sasa, mila haina mchezo. Siku ya posa bwana harusi hukaa kama maji mtungini. Wazee wake ndio midomo yake, naye akifungua kinywa bila idhini ni aibu kwa ukoo mzima. Wamalwa alikuwa amemfundisha ami yake ile hoja kwa simu wiki nzima, na ami alikuwa akijibu, "Nimeelewa, nimeelewa."

Hakuwa ameelewa kitu. Mzee Khaemba alikuwa shabiki wa soka, na alipoambiwa habari ya mlinzi wa pembeni akajua ni beki wa kushoto.

Mzee Gachanja alifungua kwa ufasaha. Alisimulia Jones alivyokuwa mwepesi kuliko ukubwa wake, na jinsi Jones mwenyewe alivyolieneza jina la tendo lile la kumwangusha mrushaji, "sack" kwa Kiingereza. "Mwenye kulibandika jambo jina ndiye baba yake," akamaliza, akaketi akipangusa jasho kwa leso.

Mzee Khaemba akasimama, akashika kola ya koti lake.

"Mulembe, amani kwenu, wakwe zetu. Huyo Jones tunamheshimu. Lakini huyu Smith wetu alikuwa beki! Mshambuliaji akija na mpira mguuni, Smith anamwachia apite? Hapana! Anauchukua kwa usafi, anaupeleka mbele, anapiga krosi! Na mechi nyingi timu yake haikufungwa bao."

Vijana wa upande wa akina Njoki waliziba midomo. Wamalwa aliinamisha kichwa, akaikaza ile tai kana kwamba angependa imalize kazi. Alijua majibu yote na hakuwa na ruhusa ya kutoa hata moja. Shangazi Milcah alimvuta Khaemba koti, lakini mzee alikuwa amekwisha kunoga, akaongeza penalti.

"Inatosha," alisema Mzee Gachanja, uso umejaa ushindi. "Mama Njoki, leta chai. Wageni wana safari ndefu."

"Chai itakuja," Mama Njoki alijibu. "Lakini hakuna mgeni wa posa anarudishwa kwa nyumba yangu kabla ya msichana kuulizwa. Ama hiyo mila pia umeistaafu?"

Njoki akaitwa. Aliingia amevaa nguo ya rangi ya udongo, akaletewa kibuyu cha uji wa wimbi, maana katika nyumba ile ya wacha Mungu pombe haikuonja mlango. Kwa desturi, wazee humwuliza binti kama wakinywe kinywaji kile. Akinywa yeye kwanza na kumpa kijana, amekubali. Akikataa, kila mtu huenda zake.

"Njoki mwanangu," baba yake aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri, "huu uji tuunywe, ama tuuache?"

Njoki alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Hakunywa, wala hakukirudisha.

"Baba, utangoja kidogo. Nyinyi wawili mmenifanya mimi mpira. Huyu ananivuta huku, huyu ananivuta kule, na hakuna hata mmoja ameniuliza nasema nini. Na mimi pia niko na wangu. Ni Reggie White."

Watu walitazamana. Mzee Khaemba alinong'ona kuuliza huyo anachezea klabu gani.

"Mlinzi wa pembeni ana kazi ngapi?" Njoki aliendelea. "Si moja. Ana mbili. Kuna kumwangusha mrushaji, na kuna kumzuia yule mwingine anayepewa mpira mkononi akimbie nao. Baba, nimekusikia tangu niko mtoto. Wamalwa, nimekusikia mwaka mzima. Mnahesabu kuangusha, kuangusha, kuangusha. Mmeajiri askari wa geti, mnamsifu kwa kufukuza wezi, na hamuulizi kama geti alilifunga! Sisemi Jones na Smith hawakuiweza hiyo kazi ya pili. Nasema nyinyi hamkuwahi kuitaja. White aliziweza zote mbili. Alikuwa anawekewa watu wawili wa kumzuia, na bado anamrusha mmoja kando kwa mkono. Hao wawili wakihangaika naye, wenzake wamefunguliwa njia. Na hata kwa hiyo hesabu yenu, amebakisha mbili tu afikie mia mbili za Smith, na amecheza misimu michache kuliko yeye. Anijibu anayeweza."

Kibuyu mikononi mwake hakikumwaga tone. Mzee Gachanja alitafuta jibu kila pembe ya kichwa chake, na mahali pote alikuta kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza swali lile.

Ndipo Wamalwa akamgusa ami yake begani na kuomba ruhusa ya kusema. Khaemba, aliyekuwa amechoka kupotea, alimpa upesi. Jamaa wa Wamalwa waliokuwapo wakashika roho. Walimjua kijana wao. Walijua angesema utepe haukufungwa vizuri.

Ukweli ni kwamba maneno yalikuwa yamemjaa kinywani. Aliweza kusema hivi, aliweza kusema vile, na zaidi ya yote alijua sharti la mzee: upande wao ukishindwa unarudi Bungoma. Akikiri, amemkosa Njoki kwa mdomo wake mwenyewe. Alimtazama msichana yule aliyesimama wima na kibuyu, na akaona kwamba amesema kweli. Kuubisha ukweli ule mbele yake kulikuwa kumkosa pia, tena vibaya zaidi.

"Nimeshindwa," alisema. "Njoki amenishinda, na sina jibu. Na Mzee, siku ya Pasaka ulinishinda pia. Zile ambazo hazikuhesabiwa, zilikuwepo. Nilijua nikiwa bado kwa meza yako, nikaona aibu kusema. Naomba msamaha."

Akaketi. Shangazi Milcah, aliyekumbuka sharti, alianza kuokota mkoba wake polepole huku machozi yakimlengalenga.

"Keti, mama," Mzee Gachanja alisema. "Hakuna mtu anaenda."

Alisimama. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, mbele ya mke wake, majirani wake na wageni wa mbali, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno alilokuwa karibu kulitamka. Lilimwuma lilipotoka, lakini alilitoa lote.

"Hata mimi nimeshindwa," akasema.

Mama Njoki alishika mdomo. Mzee akaendelea, na sasa alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyetua gunia. "Nilikuja hapa leo nataka kushinda tu. Sikuwa na jambo lingine. Huyu kijana alikuwa na kila sababu ya kubisha, na amekubali mbele ya wazee wake. Mtu anayeweza kusema nimekosea akiwa anaogopa kukosa kila kitu, huyo ataishi na binti yangu. Na mimi nilisema atakayeshinda ataamua. Sasa mshindi si mimi, si Bungoma. Njoki, amua."

Njoki aliinua kibuyu, akanywa funda kubwa, uji ukambakia mdomoni kama masharubu. Akavuka chumba na kumpa Wamalwa. Kijana akanywa.

Vigelegele vilipasua paa. Mama Njoki aliimba, Milcah akautupa mkoba na kuitikia, na akina mama wa Kikuyu na wa Kibukusu wakacheza duara moja, kila mmoja kwa wimbo wake na hakuna aliyejali. Mzee Gachanja alimkumbatia Wamalwa kwa nguvu iliyomkosesha pumzi, kisha akamkalisha karibu naye, akamwita mwanangu. Habari za mbuzi zilizungumzwa kwa mzaha mwingi, zikaisha jua likiwa bado juu ya mlima Menengai. Majirani walisema hawajapata kumwona mzee yule mwenye furaha namna ile, hata siku aliyodai kuwashinda wote.

Wapo wanaodhani kwamba ushindani ni kutoinama. Nyumba ya Section 58 iliwaona wanaume wawili wakiinama mchana mmoja, na wote wawili wakapata walichokuwa karibu kukipoteza. Kweli wahenga hawakukosea: asiyekubali kushindwa si mshindani.