Sindano ya Marehemu Kiondo

Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mimi nikianza sisimami. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwa kuamua ugomvi wa watu Muheza nzima wananijua. Hata hakimu aliwahi kuja kuniuliza, akajifanya amepita kunisalimia. Huu mmoja tu ndio umenishinda.

Bi Hadia alikuwa na watoto watatu, watu wazima, kila mmoja na chake. Mwantumu, dada mkubwa, alikuwa na macho: sisimizi akipita ukutani, anakwambia mguu upi unachechemea. Hatibu alikuwa na masikio: mbu akilia, anajua ameshiba au hajala. Semboja alikuwa na vidole: yai lililopasuka aliliunga, na likaanguliwa. Msicheke, kifaranga nilikiona mimi.

Baba yao, marehemu Kiondo, alikuwa mwimbaji wa bendi, na maishani mwake alirekodi santuri moja tu. Wimbo unamsifu mwanamke mwenye kidoti shavuni. Bi Hadia ana kidoti shavuni. Basi miaka thelathini na mbili mama huyu alitembea mjini kama mwenye wimbo.

Gramafoni haikuguswa na mtu ila Kiondo. Kila Ijumaa baada ya chakula aliweka santuri, na juu ya mkono wa gramafoni alikuwa amebandika sarafu, ili sindano isirukeruke. Wimbo ukikaribia kwisha, anaunyanyua mkono.

"Mwisho umechubuka," husema. "Utaniulia sindano."

Kiondo akafariki, na sindano nayo ikawa imekwisha. Mama akawaita wanawe.

"Atakayenisikilizisha sauti ya baba yenu, wimbo mzima, gramafoni na santuri ni vyake. Mmoja tu. Sitaki mgawane kama nyama."

Wakaenda kwa fundi redio aliyekuwa anafunga kibanda chake, akawapa vichwa vitatu vya sindano. Kichwa, kwa asiyejua, ni kile kidude cha mbele kinachoshika sindano. Kibaya huilima santuri kama jembe; kizuri huipapasa.

Mwantumu akavipeleka dirishani. "Hiki ncha imemeguka. Tupa." Akaigeuzageuza na santuri juani. Mwanzo wote ulikuwa umechakaa, lakini mifereji ya mwisho iling'aa, haina hata mkwaruzo. Mwisho haujachubuka! Akafunga mdomo.

Hatibu akakataa spika. Alishika kimoja kimoja kwa vidole juu ya santuri inayozunguka, akatega sikio kwenye mnong'ono wa sindano. "Hiki kinapayuka kama mnadani. Hiki hapa... hiki namsikia baba akivuta pumzi." Akakiacha kiende mpaka mwisho. Akasikia jina. Akakinyanyua haraka.

"Vipi huko mwisho?" Mwantumu akauliza.

"Kuzuri tu, dada."

Semboja akakifunga. Nyaya nne, nyembamba kama nywele za kichanga. Akabandua sarafu, maana kichwa kile hakikutaka uzito. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kipande cha barua. Akasoma: *Ni mimi, Rukia wako.* Akaitia mfukoni.

Ijumaa ikafika. Bi Hadia kavaa kanga mpya, nami jirani nimealikwa pilau. Sauti ya Kiondo ikatoka, safi, kama kasimama mlangoni. Mama akashika shavu lake.

"Bila macho yangu mngefunga kibovu," Mwantumu akanong'ona.

"Bila masikio yangu mngefunga king'ora," Hatibu akajibu.

"Na bila mimi," akasema Semboja, "mngekuwa mmekishika mkononi mpaka leo."

Wimbo ukafika pale Kiondo alipokuwa akiunyanyua mkono. Hakuna aliyeunyanyua. Gitaa likashuka, Kiondo akacheka kidogo, akasema: "Pokea, Rukia wa Maramba. Ni wako huu. Wengine wanasikiliza tu."

Rukia ni shoga yake Bi Hadia. Ndiye anayemsuka. Ndiye aliyelia msibani hadi akapepewa. Naye ana kidoti, ila hatukuwahi kukihesabu.

"Mlijua?" mama akauliza.

"Mimi nilitazama ncha tu."

"Mimi nilichagua kichwa tu."

"Mimi nilifunga nyaya tu."

"Ala! Sasa hivi kila mmoja alikuwa ameifanya kazi peke yake."

Akawabana mpaka wakatoa yote: mng'ao, jina, barua. Hakulia. Afadhali angelia.

"Baba yenu alinificha miaka thelathini na mbili, kwa sababu ya mwanamke. Ninyi mmenificha siku tatu, kwa sababu ya gramafoni. Lakini neno nimeshalitoa, na wimbo nimeusikia mzima. Mmoja ataichukua." Akanigeukia. "Haya, wewe unayejisifu kila baraza. Amua."

Mimi, mwamuzi wa Muheza, nikaomba maji ya kunywa.

Bila macho, kusingekuwa na kichwa kizima. Bila masikio, kusingekuwa na sauti safi. Bila vidole, kusingekuwa na kitu. Na aliyeona akanyamaza, aliyesikia akanyamaza, aliyesoma akanyamaza.

Santuri bado inazunguka, sindano inakwaruza pale katikati, na Bi Hadia anamngoja mtu aseme. Mimi nimeshindwa. Je, wewe ungempa nani, ukiwa unamtazama mama huyu usoni?