Jimbo Lililohesabu Miguu

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa bado wanaamini matangazo ya uchaguzi, palikuwa na jimbo liitwalo Matopeni. Kila baada ya masika matano, wakazi wake walimchagua seneta mmoja wa kwenda kuwasemea katika Baraza la Nyika. Sogeeni, wanangu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana kisa hiki kina uchungu na sitaki kukirudia.

Seneta wa Matopeni ndiye aliyeshika chemchemi. Hiyo ndiyo siri yote ya kiti kile. Pale chemchemini udongo haukauki hata kiangazi kiwe kikali namna gani, na mwenye kiti ndiye aliyesema nani akae pale na nani afukuzwe.

Katika jimbo hilo aliishi Bi Jongoo, mpole, asiye na neno na mtu. Mwaka uliopita alitaga mayai yake kwenye vumbi nyuma ya kichuguu. Yakakauka yote, halikuanguliwa hata moja. Sasa tumbo lilikuwa zito tena, na kila asubuhi alijiambia, "Safari hii ni chemchemini. Nikitaga tena kwenye vumbi, sina watoto."

Lakini chemchemi ilikuwa ya Bwana Kiboko.

Aliipataje? Ngojeni niwaambie. Uchaguzi wa kwanza kabisa ulikuwa wa mlolongo. Kila mmoja alisimama nyuma ya mgombea wake, naye Kobe, karani wa jimbo, akapita akihesabu vichwa. Akashinda Kanga, maana kanga ni wengi. Bwana Kiboko akafoka, "Ati kichwa cha kanga, kidogo kama kokwa ya zambarau, kilingane na changu? Hii ni dharau!" Akayakalia matokeo. Nasema kweli! Yalikuwa yameandikwa kwenye jani la mgomba, akayakalia, pwaa! Hakupatikana wa kumnyanyua.

Uchaguzi wa pili kura zikapimwa kwa uzito. Nani alishinda, mnajua wenyewe.

Uchaguzi wa tatu akaja Bwana Nyati na kundi lake, wakasukumana na Kiboko mpaka viota vyote vya kwenye nyasi vikasagika. Mwisho wakapatana: Kiboko abaki na kiti, Nyati anywe chemchemini atakapo. Na ili ndege wasiwasumbue tena, wakatunga kanuni mpya. Kura zihesabiwe kwa miguu. Mwenye miguu minne ana kura nne, mwenye miwili ana mbili, nyoka abaki nyumbani kwake.

Walicheka sana siku hiyo, kwa! kwa! kwa! Wakubwa wana kosa moja: wanapotembea hawatazami chini.

Ulipokaribia uchaguzi wa nne, Bi Jongoo akasikia sauti nje ya nyumba yake.

"Hodi hapa!"

"Karibu, lakini ukaribie hapo hapo ulipo," akajibu, maana mgeni alikuwa Nguchiro, na nguchiro hula majongoo.

"Aa, dada yangu! Hayo ni mambo ya zamani," Nguchiro akasema, akakaa chini na kukunja mkia vizuri. "Nimekuja kukuuliza swali moja tu. Una miguu mingapi?"

"Sijui. Nikifika sitini usingizi hunichukua."

"Niruhusu nikuhesabie."

Akamhesabia, taratibu, kwa adabu, bila kumgusa. Alipomaliza macho yalikuwa yakimng'aa.

"Mia mbili, dada! Mia mbili! Kiboko mwenyewe anayo minne. Wewe peke yako ni viboko hamsini!"

Bi Jongoo hakuwahi kuambiwa kuwa ni kiboko hata mmoja.

"Kanuni inasema miguu," Nguchiro akaendelea. "Haikusema ya nani. Mimi nitagombea. Wewe waite ndugu zako msimame nyuma yangu."

"Na mimi nitapata nini?"

"Sema mwenyewe."

"Nataka udongo wa chemchemini. Shubiri moja tu, chini ya majani yaliyooza, nitage mayai yangu."

"Shubiri moja? Nitakupa ukingo mzima! Wewe na ukoo wako, daima dawamu."

"Ahadi ni deni, kaka Nguchiro."

"Naapa kwa mkia wangu huu!"

Bi Jongoo akaenda kuwaita nduguze, toka gogo hadi gogo, toka jiwe hadi jiwe. Shangazi yake mkubwa alimwambia, "Mwanangu, yule alimla mjomba wako." Bi Jongoo akajibu, "Shangazi, mjomba hakuwa na kura." Mnasikia maneno hayo? Ndivyo siasa inavyomwingia mtu mpole.

Siku ya uchaguzi ikafika. Asubuhi na mapema Bwana Kiboko alisimama upande mmoja wa uwanja, nyuma yake nyati, punda milia na nguruwe mwitu. Kobe akapita, akahesabu, akatangaza, "Miguu mia nne na themanini!"

Upande wa pili alisimama Nguchiro na ndugu zake tisa, na kanga kumi na wawili.

"Miguu sitini na minne," akasema Kobe.

Bwana Kiboko akacheka mpaka matope yakamtoka puani. "Nguchiro, nenda nyumbani kabla sijakukanyaga kwa bahati mbaya!"

"Bado wapiga kura wangu wako njiani, mheshimiwa."

"Wako wapi? Mbona siwaoni?"

"Tazama chini."

Tutututu! Tutututu! Wakatokea kwenye nyasi, majongoo arobaini, mmoja nyuma ya mwingine, Bi Jongoo mbele na tumbo lake zito. Kobe akavaa uso wa kazi, akaanza kuhesabu. Jongoo wa kwanza, mia mbili. Wa pili, mia mbili. Alipommaliza wa tatu akainua kichwa.

"Nguchiro ameshapita. Nikiendelea nitazeeka hapa."

"Hao ni wadudu!" Bwana Kiboko akanguruma.

"Mheshimiwa," Nguchiro akasema kwa upole, "kanuni hii uliitunga wewe."

Kobe akatikisa kichwa. "Miguu ni miguu."

Hoihoi! Vifijo! Kanga walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Bwana Kiboko na nguvu zake zote akashindwa na wadogo aliozoea kuwakanyaga bila kujua. Bi Jongoo alilia kwa furaha. Natamani ningeishia hapo, wanangu, niwaache mlale mkicheka. Lakini uongo sijauzoea.

Kutoka uwanjani hadi chemchemini, kwa mwendo wa jongoo, ni siku tatu. Bi Jongoo alikwenda bila kupumzika, maana mayai yalikuwa tayari. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, akafika. Akakuta ua wa miiba.

Akachungulia. Ndani ya maji alikuwa amelala nani? Bwana Kiboko yule yule! Na mgongoni kwake, amekaa raha mustarehe na manyoya yamechanwa vizuri, alikuwa Seneta Nguchiro.

"Kaka Nguchiro!" Bi Jongoo akaita. "Ni mimi! Nimekuja kwenye ukingo wangu!"

"Seneta," Nguchiro akamsahihisha. "Karibu, mama. Una shida gani?"

"Na huyo je? Si tulimshinda?"

"Tulimshinda, ndiyo. Kisha tukashikana mikono, kwa ajili ya amani. Unataka jimbo lipigane kila siku?"

"Lakini mayai yangu..."

"Ombi lako tutalifikiria baada ya uchaguzi ujao."

Bi Jongoo akapandwa na hasira, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Basi uchaguzi ujao tutakutoa! Mimi ni viboko hamsini! Ulisema mwenyewe!"

Nguchiro akamtazama Kobe, aliyekuwa kivulini na jani jipya la mgomba. "Karani, msomee."

Kobe akasoma harakaharaka bila kuinua macho. "Kuanzia uchaguzi ujao, kura zitahesabiwa kwa masikio." Alipomaliza akaingiza kichwa ndani ya gamba lake, na hakukitoa tena.

"Masikio?" Bi Jongoo akasema. "Mimi sina masikio."

"Pole sana," akasema Nguchiro.

"Lakini uliniapia! Niliyasikia maneno yako kwa..."

"Ulisikia kwa kitu gani, mama?"

Kiboko akacheka, kwa! kwa! kwa! Nguchiro naye akacheka, na mkia aliouapia ukacheza juu ya maji. Mayai hayakumngoja Bi Jongoo. Aliyataga pale pale nje ya ua, kwenye vumbi, maji akiyasikia yakibubujika hatua chache tu kutoka alipolala. Alijizungusha juu yake kuyatilia kivuli, akakaa hivyo siku nyingi, na yakakauka.

Tangu hapo, wanangu, ukimgusa jongoo hata kwa ncha ya kidole, anajikunja akaficha miguu yote. Anadhani umekuja kumhesabu.

Hadithi yangu nimeiacha hapo kwenye vumbi, anayeiweza na aiokote: mwenye kutunga kanuni ya kuhesabu ameshashinda kabla mlolongo haujapangwa.