Kitumbua Lilichotaka Zimwi

Enyi mlioketi jamvini, nitegeeni masikio niwape kisa cha Bi Mwanakheri, mpika vitumbua.

Alfajiri moja zimwi lilimkamata bintiye, Tima, likamfumbata kiganjani.

"Nipikie kitumbua alichonipikia mama nilipokuwa mdogo," likanguruma. "Nakupa asubuhi tatu. Ukikosa, namla huyu."

Asubuhi ya kwanza Bi Mwanakheri akapika vitumbua vya iliki, vilivyoumuka vikajaa. Zimwi likaonja, likatema. "Sicho!"

Asubuhi ya pili akapika vya tui zito, akavipanga kwenye sahani ya wageni. Likaonja, likatema. "Sicho!"

"Mama, usichoke!" akalia Tima.

Asubuhi ya tatu ulibaki unga wa kitumbua kimoja tu. Kwa haraka, Bi Mwanakheri hakungoja kikaango kipate moto. Kitumbua kikaganda, kikakatika. Akakikwangua huku machozi yakimtiririka.

"Niwie radhi, bwana. Cha kwanza kikaangoni kikiganda, hapewi mgeni. Hupewa watoto waliochutama jikoni."

Zimwi likakichukua, likatafuna polepole. Kiganja kikafunguka, Tima akamrukia mamaye.

"Ndicho," likasema, likilamba vidole. "Kwa mama, mimi sikuwa mgeni."

Kisa kimeiva, nakiepua.