Jumbe Aliyeukata Mkamfa

Haya, sogeeni, masikio yenu nipeni. Jumbe Shekiondo alitaka kiti kirefu kuliko vichwa vyetu sote. Akapanda mlimani, kwenye msitu wa mababu, akaupiga shoka mkamfa mkongwe. Mbega wakalia, hakujali. Akapiga tena, vijito vikakauka hadi bondeni. Mama Kaniki, aliyekuwa akichota maji, akamkimbilia.

“Jumbe, twakuomba, acha! Wanetu watakunywa kiti chako?”

“Nyamaza! Msitu ni wangu.”

Akapiga mara ya tatu. Shina likapasuka, likatoka zimwi mlinzi wa msitu.

“Ni wako? Basi kaa humo!”

Likamsukumiza ndani, gome likafunga. Maji yakabubujika tena.

“Mama Kaniki, nakuomba, nitoe!” akalia Jumbe.

“Hata sisi tulikuomba,” akajibu, akashuka zake.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipotua.