Jina Lenye Maua Mengi

Jina lenye maua mengi haliitiki. Mmeisikia methali hii asubuhi kwa mama mmoja sokoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haijatoka mbali. Ni ya huku huku kwetu Usangi, na ilianza hivi.

Palikuwa na binti akiitwa Nakijwa. Mama yake mzazi alifariki binti angali mchanga, akalelewa na shangazi yake, Navoneiwa. Shangazi huyo haoni. Maradhi yalimpofusha ujanani. Hata hivyo si mtu wa kushikwa mkono. Migomba yake anaipalilia mwenyewe, na ujumbe ukiingia kwenye simu anagusa kioo, simu inamsomea kwa sauti. Nakijwa alipoolewa na Eliamani wakahamia Korogwe, ndivyo walivyokuwa wakijuliana hali: binti anaandika, simu inasoma, shangazi anajibu kwa kuzungumza.

Nakijwa alikaa katika ndoa muda mrefu bila mtoto, mpaka watu wakaanza kusema pembeni. Kisha Mungu akawajalia mtoto wa kike. Kitovu hakijadondoka, mama mtu alikwisha kuamua jina.

"Mgongo ulionibeba sina cha kuulipa," alimwambia mumewe. "Acha mwanangu aitwe Navoneiwa."

Kwa furaha aliyokuwa nayo, akaona maandishi ya kawaida hayatoshi. Akaingia mtandaoni, mahali panapogeuza herufi kuwa za madoido, zile zenye mikia na vikonyo, akaandika kwamba amezaliwa mtoto wa kike na jina lake ni fulani. Mbele akapanga maua, nyuma nyota, katikati akamwaga mioyo na vipepeo. Akatuma kwenye kundi la ukoo. Lilipendeza, msiseme! Pongezi zikamiminika kutoka kila upande, nazo ni picha za maua tu, bila neno.

Shangazi peke yake akawa kimya.

Nakijwa akawa ananyonyesha huku jicho liko kwenye simu. Leo kimya, kesho kimya. "Labda nimemkosea," alisema. "Pengine hakutaka jina lake litumike bila kuulizwa."

"Mpigie," Eliamani akamwambia.

"Nimpigie nimwombe anipongeze? Jina ni lake. Angefurahi, angesema."

Mtoto alipopata nguvu za kusafiri, wakaupanda mlima mpaka Usangi. Shangazi alikuwa barazani akimenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibuni." Alikaribisha vizuri, lakini kama mtu anayempokea mgeni asiyemjua sana.

Nakijwa akamweka mtoto mapajani mwa shangazi. Shangazi akampapasa paji la uso, masikio, vidole kimoja kimoja, na uso wake ukalainika. Lakini hakumwita mtoto kwa jina lolote. Nakijwa hakuweza kuvumilia tena.

"Shangazi, kama nimekukosea niambie."

"Umenikosea nini, mwanangu? Ila habari ya uzazi wako nimeipata bombani, kwa watu wanaoteka maji. Nikajisemea, haya, mtoto akikua ana wake wa kuwaambia kwanza."

"Mbona nilikuandikia? Kwenye kundi la ukoo, siku ile ile!"

"Siku ile watu walikuwa wanatumiana maua. Nikadhani ni sikukuu." Akatoa simu, akautafuta ule ujumbe kwa kidole. "Sikiliza mwenyewe."

Simu ikasoma: "Ua jekundu. Ua jekundu. Nyota inayometa. Nyota inayometa. Moyo. Kipepeo. Moyo. Nyota inayometa. Ua jekundu."

Ikanyamaza. Nakijwa akangoja jina, halikuja. Hapo ndipo alipoelewa. Zile herufi za madoido, kwa jicho ni herufi. Simu haikuzitambua hata moja, ikaziruka zote ikabaki kusoma mapambo. Akatoa simu yake mwenyewe, macho yamemjaa machozi, akaandika upya kwa herufi za kila siku, bila ua wala nyota. Akatuma.

Simu ya shangazi ikalia. Akaigusa.

"Amezaliwa mtoto wa kike. Anaitwa Navoneiwa."

Shangazi akamsogeza mtoto kifuani. Akaigusa tena simu, ikarudia. Akaigusa tena.

"Anaitwa nani?" akauliza, kana kwamba simu inaweza kusema uongo.

"Wewe, shangazi. Anaitwa wewe."

Shangazi akamwinua mtoto mpaka mashavu yao yakagusana. "Navoneiwa!" akaita. "Ee, Navoneiwa! Kumbe nilikuwa humo siku zote hizi, nimefunikwa maua kama kaburi!"

Eliamani ndiye aliyeanza kucheka, kisha Nakijwa, huku bado analia. Mtoto akashtuka akapiga kelele, shangazi akambembeleza kwa jina lao wawili, akilirudia kama mtu anayeonja asali. Alipotosheka akamgeukia mama mtu.

"Mwanangu, maua ni mazuri. Lakini jina lenye maua mengi haliitiki."

Majirani waliokuja kumwona mtoto walilisikia neno hilo, wakashuka nalo bombani, na kutoka bombani likafika sokoni. Siku hizi anaambiwa hata mtu anayesimama kwenye kikao akapamba maneno mpaka watu wanaondoka hawajui alitaka nini. Hatukatai mapambo, wanangu. Tunataka tu anayeitwa asikie kuwa ni yeye. Jina lenye maua mengi haliitiki.