Pimbi Msugua Benchi wa Ng'ambo

Paukwa!

— Pakawa.

Ah, mmeitikia kama timu iliyofungwa nyumbani kwao. Paukwa!

— PAKAWA!

Hadithi iingie uwanjani!

— Iingie, na uwongo uvae jezi!

Haya. Hapo kale alikuwepo Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mwenyeji wa Majabalini. Mpira aliujua kidogo, kujisifu alikujua sana. Siku moja timu ya Ng'ambo ikamwita akacheze soka la kulipwa. Kijiji kizima kikamsindikiza hadi mtoni kwa ngoma, na mama yake akamwambia, "Mwanangu, mimi sitaki zawadi. Kila Jumamosi nitakaa kando ya redio. Nataka nisikie jina lako tu."

"Hilo dogo, mama," akasema Pimbi. "Utalisikia mpaka likuchoshe."

Akavuka, akaenda. Huko Ng'ambo kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno, tena kulikuwa na Kiboko, nahodha na mshambuliaji. Kiboko alikuwa mroho wa chakula na mroho wa magoli. Sahani ya mwenzake ni yake, mpira wa mwenzake ni wake. Na nafasi aliyoitiwa Pimbi ndiyo hiyo hiyo ya Kiboko, na Kiboko hakubali kutoka uwanjani hata akiumwa, hata akisinzia.

Basi Pimbi akakaa benchi. Kukaa hakukumshinda; kwao pimbi wote hukaa juu ya mawe kutwa nzima wakiota jua. Alilisugua benchi lile mpaka likang'aa.

Kila Jumamosi ilikuwa hivi: Kasuku, mtangazaji wa redio, anapaza sauti, "Kiboko! Kiboko tena! Bado Kiboko! Goooli!" Kocha Korongo anageuka, "Pimbi!" Pimbi anaruka, anavua koti, moyo du-du-du. "Naam, kocha!"

"Sogeza ndoo ya maji."

Anasogeza ndoo, anavaa koti, anakaa.

Watu wa kwao wakampigia simu. "Mbona husikiki redioni?"

"Mimi ni silaha ya siri," akajibu. "Silaha ya siri haitumiki ovyo."

Akakata simu, akajicheka mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Ikafika mechi ya mwisho, ugenini. Kocha Korongo akamwambia, "Pimbi, mkataba wako unaisha leo. Usipocheza leo, ndio basi." Pimbi akamkumbuka mama yake kando ya redio. Msimu mzima, jina hajalisikia hata mara moja. Akili ikaanza kumchemka, fukufuku.

Waliposhuka kwenye basi, Pimbi akasimama mbele ya geti la uwanja, akanusa, akatema mate, ptu!

"Nahodha, usipite hapo."

"Kuna nini?" akauliza Kiboko.

"Kwetu timu haipiti getini ugenini. Hapo wenyeji wamefukia vitu vyao. Anayepita, miguu inakuwa mizito. Bali anayeruka ukuta, magoli yote ya siku hiyo ni yake."

"Yote?"

"Yote."

"Na tukiruka timu nzima?"

"Hapo mtagawana."

Neno kugawana Kiboko hakulipenda tangu utotoni. "Ninyi nyote piteni getini!" akanguruma. "Na atakayemwambia kocha nitamkalia!"

Wenzake wakapita. Kiboko akaparamia ukuta, Pimbi akimsukuma kwa chini. "Sukuma!" "Nasukuma!" "Sukuma!" "Nasukuma, nahodha!" Hatimaye, kwaa! Tumbo likanasa juu, kichwa uwanjani, matako barabarani.

"Nishushe!"

"Ukishukia huku, magoli nayo yanabaki huku. Vumilia."

Pimbi mwenyewe akapita getini. Ila alipita kinyumenyume, maana mambo haya huwezi kujua.

"Kiboko yuko wapi?" akauliza kocha. Wachezaji wakainama kufunga kamba za viatu. "Pimbi!"

Kwa mazoea Pimbi akakamata ndoo.

"Weka ndoo chini. Ingia ucheze!"

Lo! Pimbi akaingia. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Akakimbia hatua tatu, akahema. Akakimbia mbili, akashika kiuno. Mara mpira ukamjia. Akazunguka huku, akazunguka kule, akaona goli, akafumba macho, paa! Mpira ukapaa, ukatua wavuni, chwaa! Pimbi akavua jezi, akakimbilia kibendera cha kona, akacheza ngoma ya kwao.

Waliokuja kumkumbatia walikuwa wapinzani.

"Pimbi!" akapayuka Kasuku redioni. "Pimbi! Piiimbi! Goooli! Kajifunga mwenyewe!"

Na kule juu ya ukuta Kiboko akapaza sauti uwanja mzima usikie, "Hilo ni langu! Goli hilo ni langu mimi!"

Kocha Korongo akawafukuza wote wawili. Kiboko alishushwa kwa kamba, akaenda kujizamisha mtoni kwa aibu, na mpaka leo hutoa pua tu.

Pimbi akarudi kwao kichwa chini, akitamani ardhi immeze. Kufika mtoni, anasikia ngoma. Kijiji kizima kimejipanga. "Mfungaji wetu!" Wakambeba juu juu. "Tulisikia! Pimbi, Pimbi, goooli! Baada ya hapo ni vigelegele tu, redio haikusikika tena!"

Jioni akamsogelea mama yake jikoni. "Mama," akanong'ona, "lile goli..."

"Mimi ndiye niliyekaa kando ya redio," akasema mama, akimpakulia wali. "Nilisikia lote."

"Lote?"

"Lote. Kigelegele cha kwanza unadhani alipiga nani? Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Ndiyo maana mkipita penye majabali mtamwona pimbi ametulia juu ya jiwe, macho mbele. Anasubiri kocha amwite.

Na fundisho lake, watoto wazuri, ni hili: siku zote semeni ukweli, piteni getini, tena kwa uso mbele. Mimi? Mimi nimeingilia mlango wa uani, lakini msiige mambo ya wakubwa.

Refa kapuliza, hadithi imetoka uwanjani. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda akae benchi.