Beberu wa Foklifti Iliyonyamazishwa

Hapo zamani, ile zamani ya juzijuzi tu, katika ghala la korosho kule Mtwara, Fundi Nandonde aliifungua injini nzima ya foklifti mbele ya wapagazi wote. Alikuwa ameapa kwamba kelele zake zitakoma kabla ya adhuhuri. Akaifunga, akaiwasha. Kelele zilezile, na kiganjani zimembakia nati tatu zisizo na kwao.

"Hizi ni za akiba," alisema. Watu wakacheka hadi wakakalia magunia.

Foklifti yenyewe, lile gari la kunyanyulia mizigo, ilipiga kelele kama masufuria yanayoburutwa ngazini. Meneja, Mzee Chilumba, akaahidi beberu kwa atakayeinyamazisha. Nandonde alimtaka beberu yule kwa kufa na kupona: Jumapili wakwe zake wanakuja, na nyumbani kuna kisamvu kitupu.

Dereva, Somoe, akamwambia, "Shemeji, ikibeba mzigo inanyamaza. Ikirudi mikono mitupu, inalia. Injini umeionea bure."

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Uliniuliza?"

Akaja Mchopa, karani wa mizani, na mpini wa ufagio. Ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine sikioni. Akagusa huku, siko. Akagusa kule, siko. Akagusa mkono wa kushoto, ule unaoingia chini ya mzigo, akaruka nyuma ameshika sikio. "Hapa. Pini yake imelika, mkono ukikosa mzigo unacheza."

Nandonde akachonga pini mpya. Mkono ukaendelea kucheza kidogo. Akavua kandambili yake, akakata kipande cha mpira, akakibana penye mwanya. Foklifti ikapita ghala zima, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia njiwa darini. Vigelegele vikapigwa.

Beberu akaletwa.

"Wangu," alisema Somoe. "Bila mimi mngefungua mpaka taa."

"Wangu," alisema Mchopa. "Mlijua inalia lini. Nani alijua inalia wapi?"

"Wangu," alisema Nandonde, mguu mmoja peku. "Mlijua lini, mkajua wapi, na bado ikalia."

"Shemeji, si ndiyo kazi uliyoajiriwa?"

"Na kandambili nayo iliajiriwa?"

Wakamgeukia meneja. Mzee Chilumba akamfunga beberu kwa kamba nguzoni. "Niliahidi mbuzi," alisema. "Sikuahidi hukumu." Akaenda zake kula.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza, msiniangalie mimi. Kuna aliyejua lini, kuna aliyejua wapi, kuna aliyetibu. Beberu ni mmoja, na Jumapili haiko mbali. Je, nani alistahili kuishika ile kamba?